Mbegu za beberu hazilali kwenye friza ya samaki

Swali: Dokta, jambo. Nafuga mbuzi barabara ya Kipushi, hapa Lubumbashi, majike 46 wa kienyeji. Miaka mitatu iliyopita nilinunua beberu wa aina ya Boer, alipitia mpakani Kasumbalesa. Watoto wake wana nyama kuliko mbuzi wowote niliowahi kufuga. Sasa ana miaka sita, ameanza kuchechemea mguu wa nyuma, na kupanda kumekuwa taabu. Mke wangu ana kongelateri kubwa ya kuuzia samaki. Kijana wangu anayesoma ameniambia kwamba mbegu za ng'ombe huchanganywa na kiini cha yai, zikagandishwa, zikakaa miaka mingi. Je, naweza kukinga mbegu za beberu huyu chomboni nizigandishe nyumbani kabla hajafa? Kama haiwezekani, nifanye nini?

Jibu:

Jambo Baba. Nianze na kongelateri ya Mama, ili aendelee kuuza samaki wake kwa amani: hapana. Friza ya nyumbani hushuka hadi nyuzi 18 au 20 chini ya sifuri. Samaki hulala vizuri humo, lakini mbegu ya beberu hufa. Katika baridi hiyo barafu haijatulia bado. Chembe zake zinaendelea kukua polepole, chumvi inazidi kukolea katika maji machache yaliyobaki, na ngozi nyembamba ya mbegu inachanika. Ili kila kitu kisimame kabisa lazima ushuke chini ya nyuzi 130 hivi chini ya sifuri. Ndiyo maana wote wanaofanya kazi hii hutumia azoti ya maji (majirani zetu wa mashariki huiita naitrojeni), ambayo huchemka kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Hebu pima mwenyewe: friza ya Mama iko karibu zaidi na maji ya bukari yanayotokota jikoni kuliko ilivyo karibu na azoti hiyo. Na hapo sijagusa siku ambazo umeme hukatika tangu asubuhi hadi usiku.

Kijana wako hakukudanganya. Kwa ng'ombe ndivyo inavyofanywa, na kiini cha yai kweli kimo. Ila hapo ndipo mtu anapoumia, kwa sababu beberu si fahali mdogo. Nalijua hilo kwa aibu yangu mwenyewe.

Nilipokuwa bado kijana kazini, tuliletewa beberu mzuri sana, na maabara tuliyokuwamo ilizoea mbegu za fahali tu. Tukakinga, tukaweka tone chini ya hadubini: mawimbi, kama siafu waliovurugwa. Tukafurahi. Tukachukua mchanganyiko ule ule wa fahali, wenye kiini cha yai sehemu moja kati ya tano, tukamimina, tukaweka kwenye friji zipoe taratibu. Baada ya saa chache tulipotazama tena, hakuna kilichosogea. Mchanganyiko wenyewe ulikuwa umeanza kushikana, mzito kama maziwa yanayoelekea kuganda. Tukalaumu yai. Tukanunua mayai mengine. Tukalaumu maji, kisha friji, mwishoni tukamlaumu beberu, akarudishwa kwao kama dume asiyefaa. Mwenye kosa hakuwa yeye.

Beberu ana tezi mbili ndogo nyuma ya mfereji wa mkojo, zinaitwa tezi za Cowper. Fahali naye anazo, lakini za beberu humwaga ndani ya shahawa kimeng'enya kinachopenda sana kiini cha yai. Mwaka 1957 mtafiti aitwaye Roy alikieleza kimeng'enya hicho na jinsi kinavyogandisha kiini. Kinafanyaje? Kiini kina lesithini, mafuta yale yanayokinga mbegu isiumizwe na baridi. Kimeng'enya hukata lesithini vipande viwili, asidi ya mafuta upande mmoja na lisolesithini upande mwingine, na hiyo lisolesithini ni sumu kwa mbegu yenyewe. Kwa hiyo ukimchanganyia beberu dawa ya fahali, unampa kinga ambayo yeye mwenyewe anaigeuza sumu, ndani ya chupa, mbele ya macho yako. Ukikimbilia maziwa badala ya yai, tezi hizo hizo zina protini nyingine inayovunja mafuta ya maziwa na kutoa asidi zinazoua mwendo wa mbegu. Katika maziwa madhara huja polepole zaidi, nami nitalitumia hilo huko mbele, lakini huja.

Dawa yake ni kuosha. Mfaransa Corteel alichapisha mwaka 1974 kazi iliyoonyesha faida ya kuondoa maji ya shahawa kabla ya kugandisha mbegu za beberu, na mpaka leo maabara nyingi zinaosha. Mara tu baada ya kukinga, ndani ya dakika chache, shahawa humiminiwa maji ya chumvi na glukosi yaliyopimwa, karibu mara kumi ya ujazo wake, kisha huzungushwa kwenye sentrifuji, mashine ile wanayotumia hospitalini kutenganisha damu, kwa dakika 10 hadi 15. Mbegu hukaa chini, maji ya juu hutupwa pamoja na kile kimeng'enya. Wengi hurudia mara ya pili. Ukizungusha kwa nguvu mno unavunja mikia, ukizungusha kwa unyonge unatupa mbegu pamoja na maji. Wasiotaka kuosha hupunguza kiini cha yai hadi sehemu 2 hivi kwa 100, ili kimeng'enya kisipate cha kutafuna. Hiyo nayo ni njia, ingawa mimi naamini zaidi sentrifuji.

Ukishajua hilo, yanayobaki yanafanana na ya wanyama wengine, kila hatua na mtego wake.

Kukinga kwenyewe hufanywa kwa uke bandia: bomba la mpira lenye maji ya moto kati ya tabaka mbili, ndani pawe na nyuzi 40 hadi 42 hivi. Jike aliye kwenye joto hufungwa mbele, beberu hupanda, mkingaji hugeuza uume wake uingie kwenye bomba. Ni tendo la sekunde. Beberu hutoa mililita 0.5 hadi 1.5, kidogo kwa macho, lakini ndani ya mililita moja mna mbegu kati ya bilioni 2 na 5. Bomba la kukingia lazima liwe na joto la mwili. Huku kwetu watu hucheka nikisema hivyo, wakidhani Afrika haina baridi. Waje Lubumbashi asubuhi ya mwezi wa saba waguse kioo kilicholala mezani. Mbegu ikidondokea kioo hicho hufa kwa mshtuko, mkia ukajikunja, na wewe utabaki ukimshuku dume.

Baada ya kuosha, mbegu huwekwa kwenye mchanganyiko wake: Tris (kemikali ya kutuliza asidi), asidi ya sitriki, glukosi au fruktosi, kiini cha yai, antibiotiki, na gliseroli ya kutosha kufika asilimia 4 hadi 7 mwishoni. Gliseroli ndiyo iliyofungua mlango wa kazi yote hii, tena kwa bahati. Mwaka 1949 huko Uingereza, Chris Polge na wenzake Audrey Smith na Alan Parkes walikuwa wakijaribu kugandisha mbegu za jogoo kwa sukari ya matunda. Chupa moja ikafaulu ajabu. Walipochunguza wakakuta ndani hamna sukari. Kibandiko kilikuwa kimekosewa, ilikuwa na gliseroli. Nawapenda watu hao kwa sababu hawakuitupa ile chupa.

Kisha kupoza. Kutoka nyuzi 30 kwenda 5 kunataka saa moja na nusu hadi mbili. Hila ya zamani bado inafaa: bomba la mbegu huwekwa ndani ya chombo chenye maji ya nyuzi 30, chombo kizima ndicho kinaingia kwenye friji, maji yakaburuta joto lishuke taratibu. Zinakaa hapo saa mbili hadi nne nyingine. Halafu hujazwa kwenye mirija myembamba ya plastiki, payeti tunavyoiita huku, ya mililita 0.25 au 0.5. Mirija hulazwa kwenye wavu, sentimita 4 hivi juu ya azoti, ndani ya sanduku lenye mfuniko, ipigwe na mvuke kwa dakika 7 hadi 10, ndipo izamishwe. Ukiharakisha, maji hayapati nafasi ya kutoka ndani ya mbegu na barafu inazaliwa humo humo. Ukichelewa, chumvi inaikausha. Baada ya kuzamisha, mrija mmoja huyeyushwa kwenye maji ya nyuzi 37 kwa sekunde 30 na kutazamwa. Zikisonga mbele chini ya mbegu 30 kati ya 100, mimi namwaga fungu lote. Mwenye beberu hukunja uso, nami namwelewa. Namwaga hata hivyo.

Tufanye hesabu kwa beberu wako. Tuseme anatoa mililita 1 yenye mbegu bilioni 3. Mrija mmoja wa kumpandikizia jike unataka mbegu milioni 200 hivi. Zitakazopotea kwenye kuosha toa kando, unabaki na mirija 12 kwa mkingo mmoja, na mikingo mingine itakataliwa. Ukitaka mirija 200, jiandae kwa miezi miwili ya kukinga mara mbili au tatu kwa juma. Mirija 200 kwa majike 46 inaonekana mali nyingi. Inaisha haraka kuliko unavyodhani, kwa kuwa si kila anayepandikizwa anashika. Ufaransa, wenye majike waliopangiwa joto kwa homoni na wapandikizaji wa kila siku, hupata mimba kwa majike 6 hivi kati ya 10. Sisi tukianza tutapata chini ya hapo.

Sasa azoti, maana hapa ndipo mifuko hutoboka. Kwanza, usidanganyike na chupa za chuma. Katika mji wa migodi kama wetu utaziona kwa mafundi wa kulehemu na wa viyoyozi, zimeandikwa azoti, na muuzaji atakuapia ndiyo yenyewe. Ni azoti kweli, lakini ni gesi iliyobanwa, ina joto la hapa hapa mjini. Haitagandisha hata maji ya kunywa. Unachohitaji ni ile ya maji, inayosafirishwa kwenye tangi lenye kuta mbili na ombwe katikati, kama termosi kubwa. Uliza wanaotengeneza oksijeni ya hospitali au gesi za viwanda: je, wanatoa azoti ya maji, mara ngapi, na wakikwama kwa juma mbili wewe utafanya nini? Swali hilo la mwisho ndilo kubwa. Tangi zuri la lita 20 au 35 likikaa limetulia hushika miezi kadhaa. Lile dogo la lita 3 la kubebea kazini ni la majuma machache tu. Lakini kila ufunguzi, kila safari ya lori kwenye barabara yenye mashimo, hupunguza.

Niliwahi kusimamia tangi lililokauka wakati wa sikukuu za mwisho wa mwaka. Kila mtu alidhani mwenzake amepima. Nilipozamisha kijiti cha kupimia kikatoka kikavu, bila ule ukungu mweupe unaoonyesha azoti ilipofika. Mirija ilikuwa palepale, mizuri kwa macho, na rangi zake. Imekufa yote. Tena ubaya wake ni huo: mbegu iliyoyeyuka ikagandishwa tena haibadiliki sura. Usipokuwa na hadubini utaendelea kupandikiza maiti mwaka mzima, ukidhani majike wako ndio wagumba.

Na tafadhali, Baba, tangi hilo usilifunge kwa nguvu, wala usilibebe kwenye teksi yenye vioo vilivyopandishwa. Lita moja ya azoti hugeuka lita 700 hivi za hewa isiyo na harufu, inayosukuma oksijeni nje. Mtu halii, hakohoi, anaanguka tu. Ikikurukia mkononi inaunguza kama mafuta ya moto.

Kwa hiyo mtu mmoja mwenye majike 46, sentrifuji hana, hadubini hana, azoti ya kubahatisha: mimi ningemkataza. Wakiungana wafugaji kumi au ishirini wa upande wa Kipushi na Kasapa, wakazungumza na Kitivo cha Tiba ya Mifugo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, hapo naona mazungumzo ya maana. Hata katika hali hiyo ningewaambia waanze kwa kununua mirija iliyo tayari kutoka Afrika Kusini, kwao Boer, yenye cheti cha afya na ruhusa ya kuingiza. Wajifunze kutunza tangi na kupandikiza kwa mbegu za wengine kabla ya kucheza na za kwao. Mkifanya kinyume, siku majike wakikataa kushika hamtajua kosa ni la mgandishaji, la tangi, au la mpandikizaji.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza. Hata kukinga kunataka beberu apande. Uke bandia haumsaidii dume asiyeweza kusimama kwa miguu ya nyuma. Iko njia nyingine, ya kifaa cha umeme kinachoingizwa kwenye njia ya haja kubwa kusisimua tezi. Inamuumiza, na shahawa inayotoka huwa na maji mengi zaidi ya tezi, yaani unazidishiwa kile kile kimeng'enya tunachokikimbia. Naitumia kwa kupima dume mwenye mashaka, si kwa kuweka akiba. Mguu wake, kwa hiyo, ndio ulioshika habari yote. Nitaurudia.

Chukulia kwamba mguu utapona kiasi. Ningefanya nini kwa nafasi yako? Kwanza ningeacha kumwachia azurure na kundi. Dume anayechechemea asipoteze nguvu kumpanda jike mmoja mara nane. Afungiwe, aletewe jike aliye kwenye joto, apande mara mbili, asubuhi na jioni, basi. Jike asimame sehemu ya chini kidogo, kwenye kijishimo kifupi, beberu awe juu, mguu utamshukuru. Jike wa mbuzi hurudi joto kila siku 21, na hukaa humo siku moja hadi mbili. Utamjua: mkia haupumzi, analia bila sababu, anawapanda wenzake, uke umevimba na una ute. Majike 46 kwa siku 21 ni wawili hivi kwa siku, na pungufu ya hapo kwa kuwa wengi watakuwa na mimba tayari. Beberu mmoja mgonjwa nusu anaiweza kazi hiyo.

Pili, ikiwa majirani nao wanamtaka, ziko mbegu za kupoza bila kugandisha. Hizi ndizo ninazozipenda kwa hali yetu. Chukua maziwa ya unga yaliyotolewa mafuta, gramu 10 kwa mililita 100 za maji yaliyokenekwa ya duka la dawa (si maji ya betri ya sokoni, hujui yana nini). Weka chombo ndani ya sufuria ya maji juu ya makala (makaa), kipimajoto ndani, yafike nyuzi 92 hadi 95 na yakae hapo dakika 10. Usiruke hatua hiyo: maziwa yasiyochemshwa hivyo yana protini inayoua mbegu. Yakishuka hadi nyuzi 35 mtaalamu wako wa mifugo aongeze penisilini na streptomisini. Sehemu moja ya shahawa nzuri kwa sehemu nne za maziwa hayo, poza taratibu kwa ile hila ya chombo cha maji, weka kwenye termosi yenye nyuzi 4 au 5, bomba lisiguse barafu. Nilisema maziwa nayo yana madhara, ila polepole. Ndani ya saa 12 unaweza kutoka Kipushi ukafika Kasapa, ukapandikiza majike 15 kwa mkingo mmoja, ukarudi kula. Baada ya saa 24 mimi sizitumii.

Muda wa kupandikiza usikupite: jike hutoa yai kuelekea mwisho wa joto, saa 30 hadi 36 tangu lianze. Ukimwona asubuhi, mpandikize jioni. Ukimwona jioni, subiri asubuhi. Mganga mzoefu hutazama ute pia: ukiwa mwangavu kama maji ni mapema, ukianza kuwa na ukungu mweupe ndio wakati. Kwa mbegu zilizogandishwa makosa ya saa chache huonekana kwenye hesabu ya watoto, maana hazina umri mrefu ndani ya kizazi kama mbichi.

Tatu, watoto wake. Hii ndiyo akiba yako ya kweli, na haitaki azoti. Una madume yake mangapi sasa hivi unayafuga kwa kuuza sikukuu? Chagua mawili: mama yao awe amezaa mapacha na kuwalea wote, korodani mbili zilizolingana, miguu imenyooka. Mmoja usimtumie kwako. Mbadilishe kwa beberu wa mfugaji mwingine ambaye hana damu hii, kwa sababu binti za beberu wako tayari wanakua zizini, na baba yao akiwapanda (au mrija wake ukiwapanda miaka mitano baadaye, ni damu ile ile) utaanza kuona watoto dhaifu. Watu husahau kwamba kugandisha mbegu za dume mmoja katika kundi moja ni kumfanya baba asiyekufa. Zizi linahitaji damu mpya.

Na usimpandishe Boer kwa mtamba mdogo wa kienyeji ambaye bado anakua. Mtoto mnene katika nyonga nyembamba huua wote wawili, nawe utaniita saa nane za usiku.

Magonjwa nayapitia haraka ingawa yanastahili ukali. Azoti haiui vijidudu, inavihifadhi pamoja na mbegu. Brusela, ugonjwa wa kutupa mimba, hupita kwenye shahawa, na hupita kwa binadamu kwa maziwa mabichi na kwa mikono inayozalisha mbuzi. Beberu huyu apimwe damu kabla ya lolote. Nasema hivyo kwa sababu nyingine pia: brusela inaweza kuvimbisha viungo na korodani, nawe umeniandikia habari ya dume anayechechemea.

Basi turudi kwenye mguu, na ufanye haya kesho asubuhi kabla ya kufikiria kitu kingine. Mlaze, au mtu mmoja amshike ukutani, uinue mguu wa nyuma. Osha ukwato kwa maji na brashi. Ukwato wa mbuzi hukua kama kucha. Aliyefugwa kwenye ardhi laini au zizini bila mawe hauliki, unajikunja chini na kubana uchafu. Umekunjwa? Ukate kwa kisu kikali au mkasi wa matawi, kidogo kidogo, uache ukiona rangi ya waridi. Nusa katikati ya vidole viwili: ikinuka uozo na ngozi imelowa, ni ugonjwa wa kwato, kwato zake zilowekwe kwenye dawa ya zinki au shaba naye akae pakavu, siku chache utaona tofauti. Ukikuta ukwato mzuri, panda juu kwa vidole: kifundo, goti la nyuma, nyonga. Palipo na joto na uvimbe, niandikie ni wapi. Kisha shika korodani zote mbili kwa mikono miwili. Ziwe ngumu kiasi kama msuli uliokazwa, zilingane, zisogee ndani ya mfuko. Moja ikiwa imevimba, au imesinyaa, au ina uvimbe kule chini kwenye mkia wa korodani yenyewe, usimpandishe kwa jike yeyote hadi majibu ya damu yatoke.

Lakini kwa jinsi ulivyoeleza, beberu wa miaka sita, mzito, zizi la udongo mwekundu wa barabara ya Kipushi, mvua ikiwa imeisha juzi tu, naanza na kisu cha kwato.